Lebo Kiganjani

Shangazi hakumimina kitu chochote bila kwanza kuigeuza chupa hadi lebo ikae kiganjani. Mafuta ya kupikia, sharubati, hata dawa ya chooni. Tone likichuruzika, lipite upande usio na maandishi. Chupa iliyopoteza jina, alisema, ni mwehu aliyeshika panga. Katika shule alikotunza maabara miaka thelathini na mmoja, wanafunzi walimwita Bi Lebo, naye akiitika.

Binti wa kaka yake alipoajiriwa ili amrithi, alikabidhiwa kila kitu isipokuwa ufunguo wa kabati la kemikali kali. Huo ulibaki shingoni mwa Shangazi, kwenye uzi mweusi, naye alikuja kufungua mwenyewe kila kabati lilipohitajika.

"Lakini kazi hii nimeisomea, Shangazi."

"Najua. Asidi haiulizi cheti."

Asidi ya salfuriki binti aliiogopa inavyostahili: miwani, glavu, pumzi kaibana. Kilichompata ni soda kali, ile ya kutengenezea sabuni. Alikuwa anasuuza chupa zake, glavu kazivua kwa kuwa hiyo ni besi tu, si asidi, vidole vikaanza kuteleza kama vina sabuni. Hata akaona raha. Jasho likamwingia jichoni, akainua mkono alifikiche.

Shangazi aliudaka ule mkono hewani. Akamburura mpaka bombani, akaishikilia mikono yake chini ya maji dakika ishirini nzima.

"Nilidhani sabuni," binti alisema, meno yakigongana.

"Ni sabuni kweli. Mafuta yake ni ngozi yako." Shangazi alifungulia maji zaidi. "Asidi ina adabu, mwanangu, hubisha hodi kwa maumivu. Hii huingia kimya, ukija kuisikia imeshakula. Jicho lingekwenda hilo."

Vidole vilibabuka kidogo, vikapona. Habari ya ufunguo haikutajwa tena, na binti alijua umekwenda na maji. Akawa anavaa glavu hata kwa siki.

Mwaka haujaisha, kifua kikamlaza Shangazi. Kila alasiri binti alipitia kwake kumpa dawa. Siku moja alikuwa anamsimulia kisa cha mwalimu mpya aliyeitafuta miwani yake darasa zima, kumbe kaivaa. Shangazi alicheka mpaka akakohoa. Binti akanyakua chupa, akamimina dawa kijikoni, akaendelea na kisa chake.

Shangazi hakukitazama kijiko. Aliutazama mkono ulioshika chupa. Lebo ilikuwa imelala kiganjani, na binti hata hakuwa na habari.

Alimeza dawa. Kisha akauvua ule uzi mweusi polepole, akauweka juu ya goti la binti, ufunguo ukiwa bado na joto la kifua chake.

Alfajiri ya pili yake alifariki usingizini, bila kumsumbua mtu. Lakini alasiri ile binti alikaa tu, ufunguo gotini, chupa mkononi, machozi yakimlengalenga. Shangazi alijigeuza kuelekea ukutani, akavuta shuka.

"Kifuniko," alisema. "Funga kwanza, ndipo ulie."