Moto Ulio Nje ya Jua

Dada yangu mkubwa alikuwa amerudi likizo kutoka chuo kikuu, anakosomea fizikia ya jua na nyota. Jumapili ile baada ya misa, tukiwa mezani, papa, baba yetu, alimuuliza kwa utani jua limemfundisha nini.

"Papa, uso wa jua iko na moto ya digrii karibu elfu sita," akajibu. "Lakini ile hewa ya inje, yenye kulizunguka, moto yake inapita milioni."

Papa aliliacha tonge la bukari, ugali wetu, mkononi. Alikuwa ametumika fonderi, kiwanda cha kuyeyushia shaba, tangu ujana wake.

"Sema tena."

Dada akarudia.

"Haiwezekani, mutoto wangu. Ukitoka ku moto, moto inapunguka."

"Njo maana inatushangaza. Bengi banasema ni nguvu ya sumaku. Lakini kuko benye kujiuliza kama kuko maada ingine, ya giza, yenye kugonga ile hewa na kuipatia moto. Hakuna mwenye kuhakikisha bado."

"Kama haionekani, munajuaje kama iko?"

"Iko na uzito, papa. Nyota za mbali zinazunguka mbio sana. Bila kitu ya kuzishika, zingesambaa."

Nilishtuka nikatazama dirishani, kwenye mwanga uleule uliokuwa ukikausha nguo zetu. Nilipogeuka, papa alikuwa amelirudisha tonge sahanini.

"Ile maji pia hatukuiona," akasema.

Ndipo akatueleza. Siku moja kule fonderi maji kidogo yalibaki ndani ya chombo cha kumiminia, kwenye kitako chake. Shaba iliyoyeyuka ilipoyafunika, yakageuka mvuke mara moja, shaba ikarushwa juu. Papa alikuwa amerudi nyuma kumsikiliza msimamizi. Rafiki yake alibaki karibu.

"Nilikuwa mbali kidogo. Njo maana niko."

Sisi watoto tuliambiwa rafiki yule alikufa kwa malaria. Nikamtazama mama, yeye alitazama sahani yake.

Dada akaanza kuomba radhi. Papa akamkatiza.

"Hapana. Endelea. Nani mwingine anatafuta ile kitu?"

Wakaongea mpaka chakula kikapoa.

Jumapili iliyofuata papa hakula nasi. Alikwenda mtaa wa Katuba kwa mjane wa rafiki yake, kumsimulia siku ile, akamchukua dada. Waliporudi wakanawa mikono, wakaketi. Mama akawapakulia, nami nikasogeza kiti changu karibu na papa.