Kumfuata Mwalimu Felista Hadi Kijijini

Barua ya Mwalimu Felista ilikuwa fupi. "Dada Konsolata, nimeacha mazoezi. Nyumbani kwangu hayawezekani. Tafadhali msiniandikie tena." Chini yake aliweka jina lake kamili, kama anayemwandikia mkuu wa ofisi.

Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi kwa Mama Kusum, mjane wa Kihindi aliyezaliwa Mwanza, ambaye nyumba yake ya Ilemela ilikuwa katikati ya mawe makubwa yanayotazama ziwa. Kila mwezi alipokea wageni watano au sita, wakakaa wiki moja wakijifunza yoga: kujinyoosha, kukaa kwa utulivu, na zaidi ya yote kupumua. Mimi nilikuwa nesi kabla ya hapo. Nilifika kwake na mgongo mbovu, nikapata nafuu, nikabaki kumsaidia. Kazi yangu ilikuwa kuwaandikia wageni ratiba ya kufuata wakisharudi makwao.

Felista tulimkumbuka wote. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa upande wa Musoma, ameolewa na Msukuma katika kijiji cha ujamaa kando ya ghuba, wilaya ya Misungwi. Binti yake Neema, wa miaka sita, alikuwa amefariki kwa surua. Kaka yake ndiye aliyemleta kwetu kwa kuwa alikuwa hapati usingizi tena. Siku ya nne alilala usingizi mzito hadi jua likawa juu, na Mama Kusum akatukataza hata kufagia ua.

Mama Kusum aliisoma barua mara mbili. "Nenda," akaniambia. "Hajasema amepona. Amesema haiwezekani. Nenda ukaone ni nini hakiwezekani."

Ijumaa asubuhi nilipanda basi mjini nikiwa na kikapu cha ndizi na kipande cha sabuni, maana siku hizo sabuni ilikuwa zawadi ya kumfurahisha yeyote. Karibu na dirisha alikaa mzee mwenye redio ya mkulima iliyokwisha betri. Aliibeba magotini kama mtoto. Tulifika Usagara kabla ya jua kuwa kali. Hapo niliteremka, nikangoja kwenye njia panda kwa muda wa karibu saa tatu, mpaka likapita lori lililokuwa likienda kuchukua pamba vijijini. Dereva alinikaribisha mbele. Njia ilikuwa ya vumbi, huku na huku mawe na mashamba ya pamba, na kila tulipopanda kilima ziwa lilionekana kidogo, likapotea tena.

Nilijipanga njiani. Nilikuwa na ratiba mpya mkobani, iliyoandikwa kwa mwandiko safi: kuamka saa kumi na moja alfajiri, kufunga mlango, kukaa juu ya mkeka, ukimya wa nusu saa. Niliona Felista amelegea tu, anahitaji kutiwa moyo.

Saa nane mchana nilishuka kijijini. Nyumba zilikuwa zimepangwa kwa mistari, nyingi bado mpya, udongo wa kuta haujapauka. Nilianza kwa balozi wa nyumba kumi, kama ilivyompasa mgeni, akaandika jina langu na kunionyesha nyumba ya Felista. Uani nilimkuta mama mkwe wake, Mayu Kabula, ameketi na rundo la viazi vitamu akivikata vipande vya kuanika, vile wanavyoviita michembe. Pembeni, juu ya mwamba, vipande vilikuwa vimetandazwa kwenye mkeka wenye ukingo wa kijani. Niliutambua. Ulikuwa ule tuliompa Felista siku ya kuondoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinitazama toka miguuni hadi kichwani. "Wewe ndiye wa kule kwa kufumba macho?"

Nilikubali kuwa ndiye mimi. Hakunipa kiti. Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta neno moja moja, lakini nilielewa kila kitu.

"Mtoto wetu amekufa," alisema. "Mama yake akaenda mjini wiki nzima. Akarudi. Kila asubuhi anafunga mlango, anakaa kimya. Namwita, haitiki. Sisi tumehamishiwa hapa, majirani zangu wa zamani sijui wako wapi. Nilikuwa na mjukuu wa kuongea naye. Sasa huyu naye anafunga mlango. Mimi nikae na nani?"

Maneno "funga mlango" yalikuwa yangu. Niliyaandika kwa mkono wangu.

Felista alirudi kutoka shule kama saa kumi. Alinisalimia kwa adabu, akanishukuru kwa ndizi, kisha akaniomba tutembee hadi ufukweni. Alikuwa amekonda. Tulipofika kwenye mawe ya kufulia, alisema bila kunitazama, "Nilijitahidi, dada. Nilifuata yote. Alfajiri ndiyo saa ya kuchota maji, nikaacha kuchota. Mama akachota mwenyewe. Akagonga mlango, nikakumbuka mlivyosema nisiache utulivu uvunjike. Nikakaa. Nasikia analia upande wa pili, na mimi nahesabu pumzi."

"Halafu?"

"Halafu tukaacha kusemezana. Siku moja nikakuta mkeka una viazi. Sikuutoa." Aliketi juu ya jiwe. "Nimeandika barua ya kuomba uhamisho. Nirudi Musoma, peke yangu. Masanja, mume wangu, anajua. Amesema nifanye ninaloona litaniponya. Jumatatu naipeleka wilayani."

"Mbona hukutuambia?"

"Ningewaambiaje? Kule kwenu wote walikuwa wanaweza. Nilijua mimi ndiye mwanafunzi mbaya."

Hapo nilitaka kumwambia mengi. Nilichoweza kusema ni kwamba ratiba ile niliiandika mimi, na sikuwahi kumwuliza anaishi na nani. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Jumamosi asubuhi kijiji kizima kilikwenda kwenye shamba la pamoja, nami nikaenda nao kuchuma pamba. Masanja, mtu mpole mwenye sauti ya chini, alinionyesha namna ya kuvuta nyuzi bila kuumiza vidole. "Mama yangu hana ubaya," aliniambia tukiwa mstari mmoja. "Na mke wangu hana ubaya. Nyumba ndiyo imekuwa nzito."

Mchana tulirudi kwenye viazi. Tulikaa uani mimi, Felista na mkwewe, kila mmoja na kisu chake. Mayu Kabula alikuwa akikata, anaacha, anabonyeza kifua, anashusha pumzi ndefu iliyokatika katikati, anaendelea. Nilimhesabia mara nne. Unesi wangu ukaamka.

"Mama, kifua kinauma?"

"Kinabana. Tangu siku ile."

Niliuliza mambo ambayo nesi huuliza, kuhusu homa, kikohozi na miguu kuvimba, nikamshauri aende zahanati apimwe. Kisha nikaomba nimshike mgongo. Alikubali kwa kichwa. Nikamwambia aweke kiganja juu ya tumbo na kuliacha lijae hewa polepole. Hakunielewa. Nilirudia kwa maneno mengine, bado hakuelewa, na Kisukuma changu kilikuwa cha salamu tu.

Felista aliweka kisu chini. Akasogea, akapiga magoti mbele ya mkwewe, akaanza kumweleza kwa Kisukuma, taratibu, kwa sauti ile ambayo walimu huitumia kwa mtoto wa darasa la kwanza. Alichukua mkono wa mama huyo, wenye wanga wa viazi uliokauka kwenye vidole, akauweka juu ya tumbo lake mwenyewe ili mkwewe ahisi. Akavuta pumzi. Mayu Kabula naye akavuta. Mara ya kwanza ikakatika, mara ya pili pia. Ya tatu ikaenda hadi mwisho, na ilipotoka ilitoka na jina.

"Neema," alisema yule mama. "Neema, mwana wane."

Felista aliniambia baadaye kwamba jina hilo halikuwa limetamkwa ndani ya ua ule tangu mazishi. Kila mmoja alikuwa akimwepushia mwenzake. Wakati huo alianguka mapajani mwa mkwewe akalia kwa sauti, na yule mama akalia juu yake, huku mikono yao bado imeshikana tumboni. Nilinyanyuka nikaenda kugeuza vipande vya viazi juu ya mkeka, ingawa havikuhitaji kugeuzwa.

Jumapili asubuhi, kabla ya lori la kunirudisha kupita, nilichana ratiba niliyokuja nayo. Felista alicheka kidogo aliponiona. "Tutafanya mchana, wakati wa viazi," alisema. "Mama akipenda. Asipopenda tutaongea tu." Kuhusu uhamisho hakuniahidi lolote, nami sikumwuliza. Mayu Kabula alinifungia michembe kwenye kitambaa na kuniambia, "Wabeja," yaani asante, kisha akaongeza kwa Kiswahili, "Ukija tena, uje na yule Mhindi wako. Nimwone."

Niliingia Ilemela jioni, nguo zimejaa vumbi. Mama Kusum alinisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama mlangoni.

"Tulimwambia afunge mlango?" akauliza.

"Mimi ndiye niliyemwambia."

"Na mimi ndiye niliyekufundisha wewe," alisema, akakaa chini barazani, akaonekana mzee ghafla. "Mimi naishi peke yangu, Konsolata. Nimesahau kwamba watu wana watu."

Miezi miwili baadaye Felista aliandika. Barua ya uhamisho ilikuwa bado sandukuni, haijachanwa wala haijapelekwa. Usiku mwingine bado alikuwa hapati usingizi. Lakini asipolala, Mayu Kabula humsikia akijigeuza na huamka kuja kukaa naye, na wanaongea habari za Neema hadi usingizi unapokuja kwa mmoja wao.

Nilikuwa nimedhani mgeni wetu akishapanda basi kazi yetu imekwisha, na kwamba akishindwa nyumbani kosa ni lake. Safari ile ilinionyesha kuwa wiki ya mawe na ukimya ndiyo sehemu nyepesi. Tangu hapo, kabla ya kumwonyesha mgeni hata zoezi moja, nilimwomba anieleze nyumba yake: nani analala wapi, nani anachota maji, nani anamlilia nani. Karani mmoja wa mjini alichoka na maswali yangu. "Dada, mimi nimekuja kujifunza yoga," akasema. "Mke wangu na mama yangu unawaulizia wa nini?"

"Kwa sababu Jumamosi," nikamjibu, "unarudi kwao."