Kidole cha Faridi

Sikuondoka Gitega kwa kupenda. Vita vilikuwa vimefunga barabara nyingi, na mimi ni fundi cherehani, si mtu wa misafara. Lakini asubuhi ile tulipata habari kwamba lori la kwenda Tanzania lilichomwa jana yake nje ya Muyinga. Maiti mmoja asiyejulikana, aliyekutwa na tasbihi mfukoni, alikuwa msikitini akingoja kuzikwa. Jirani yangu Faridi, Mhindi wa duka la vitenge, alikuwa amesafiri njia hiyo. Mkewe Zaituni, Mrundi wa mtaani kwetu, alikataa kuanza eda kwa uvumi.

"Mi siwezi kukaa eda ya mtu labda iko hai," aliniambia. "Nenda uangalie mikono yake."

Mikono ile mtaa mzima uliijua. Ujanani kwao India, Faridi alicheza kriketi, akidaka mpira mgumu nyuma ya vijiti. Timu ya jimbo ilimwita mara moja tu, mwenye nafasi alipougua. Siku hiyo mpira ukamvunja kidole cha shahada. Akadaka hivyo hivyo mpaka jioni. Kidole kikapona kimepinda, na hawakumwita tena. Ami yake akamleta Burundi kuuza dukani. Msikitini, akikinyoosha kwenye attahiyatu, kile kikao cha mwisho wa swala, kilielekea kwangu niliyeketi kando yake badala ya kibla. Nilimtania sana kwa hilo.

Bugendana tulipita nyuma ya magari ya jeshi, kwa kuwa njia ya Karuzi ilikuwa imefungwa. Watu walitembea kandokando na magodoro kichwani. Maharage yalikuwa yamekauka shambani bila wa kuyavuna. Kwenye kizuizi karibu na Mutoyi dereva wetu, Mkongo wa Uvira, alininong'oneza nisiulize kitu.

Muyinga soko lilikuwa wazi, watu wakichagua ndizi. Niliwachukia bure. Imamu alinipokea mlangoni.

"Uso yake haiko ya kuangalia, papa. Utamujua kwa nini?"

"Kwa kidole."

Alifunua shuka upande wa mkono wa kulia tu. Niliomba Mungu kiwe kimenyooka. Kilikuwa kimepinda. Nikamwosha mwenyewe, na alasiri tukamzika.

Niliporudi Gitega, Zaituni aliuliza uso wake ulikuwaje. Mwosha maiti hatoi nje alichokiona. Ndiyo ada yetu, na siku ile niliishukuru.

"Ni yeye," nilisema. "Kidole iko vilevile."

Akavua bangili, akaingia ndani kukaa eda.

Nilichojifunza safarini ni kidogo. Kile kidole kilichomwondoa kwenye timu ndicho kilichompatia kaburi lenye jina. Hadi leo, nikifika attahiyatu, natazama upande wake, na vidole vyote vimeelekea kibla.