Bibi Yangu na Vifo vya Wafalme

Kila asubuhi, katika redio moja ya mjini Arua, mimi huwatangazia watu wa West Nile vifo vya watu wasiowajua. Kipindi kinaitwa "Siku Kama ya Leo". Mkurugenzi wetu alirudi nacho kutoka semina ya Kampala, na tangu hapo hakuna malkia aliyezaliwa wala jenerali aliyefariki huko Ulaya bila Arua kujulishwa. Mimi nachota kwenye mtandao, natafsiri, nasoma kwa sauti nzito kana kwamba nilikuwepo. Msomi huyo!

Shida ni kwamba kipindi kinafuata matangazo ya vifo, bila hata wimbo katikati. Na huku kwetu tangazo la kifo si mchezo. Mtu hazikwi mpaka redio iseme amefariki, atazikwa mahali fulani, habari ziwafikie ndugu wa Vurra, mashemeji wa Omugo na wajomba wote popote walipo. Usiposomwa, hujafa, umepotea tu. Sasa mtu amesikia majirani watatu wamekufa, halafu bila kuvuta pumzi namwongezea mfalme wa Uswidi. Atajuaje kwamba huyu wa nne ana miaka mia tatu kaburini?

Bibi yangu mzaa mama, anayekaa Koboko, hakujua. Siku moja nilimtembelea nikamkuta kwenye mkeka, redio ya betri mapajani, akisema "Innalillahi" kwa ajili ya mtawala mmoja wa Austria. Kumbe mwaka mzima amekuwa akiwaombea! Nusu ya wafalme wa Ulaya wamerehemewa kutoka Koboko, na wengine wao, Mungu anisamehe, walipigana na Waislamu mpaka siku ya kufa.

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Nikamwambia, "Bibi, hao walikufa zamani sana. Tunakumbuka siku zao tu."

Akazima redio. "Wewe najua siku ya kila mutu alikufa?"

"Naijua. Wengine mpaka saa."

"Na babu yako? Yeye nakufa siku gani?"

Loo! Nilitamani ardhi inimeze. Babu alikuwa askari. Mwaka wa sabini na tisa, serikali ilipoanguka na wanajeshi wa kwetu wakakimbilia Sudani na Congo, yeye alikuwa Kampala, na hakurudi. Hakuna aliyeuona mwili. Hapakuwa na tangazo, matanga wala dua. Kwa zaidi ya miaka arobaini bibi hakuwa mke, hakuwa mjane, na watu wenye midomo mirefu wakawa wanamwuliza mzee yuko wapi, kana kwamba ameenda kununua chumvi.

"Mimi iko karibu kwenda," akasema. "Nataka yeye isomwe kwanza. Sitaki kufa nikiwa nangoja mutu."

Haya. Nikarudi Arua, nikachukua fomu ya tangazo la kifo. Ina nafasi mbili ambazo haziachwi wazi: tarehe ya kufa na mahali pa kuzikwa. Mkurugenzi aliiangalia, akarudisha macho kwenye simu yake. "Hana tarehe, hana kaburi. Basi hajafa," akasema. "Tukianza kutangaza waliopotea, tutamaliza lini?" Na huyu ndiye aliyetumia asubuhi nzima kunifundisha kutamka jina la mke wa mtemi wa Ujerumani! Niliondoka nimefura kwa hasira.

Lakini mwenye shida hakosi akili. Matangazo ya vifo hukaguliwa. "Siku Kama ya Leo" hakuna anayeikagua, kwa sababu hakuna anayeisikiliza ila bibi yangu. Nikampigia simu. "Bibi, chagua siku." Nilitegemea machozi, au labda tarehe ya harusi yao.

"Isiwe siku ya soko," akasema. "Watu hawatakuja."

Siku aliyoichagua ilipofika, nikasoma malkia wangu, kisha nikaendelea: "Siku kama ya leo, mwaka wa sabini na tisa, alifariki," nikataja jina lake na la baba yake, "askari mmoja wa Koboko, baba wa watoto wanne. Kaburi lake halijulikani. Habari ziwafikie ndugu, mashemeji na wajomba wote popote walipo." Ile sauti nzito ilinikatika, nikamalizia kwa sauti yangu mwenyewe. Koboko walichinja mbuzi, shehe akasoma dua, na bibi, kwa uzee wake ule, akaingia eda siku hiyohiyo.

Mkurugenzi alinifuata studio amewaka moto. "Umeuza redio yangu kwa ukoo wako!" Hakumaliza. Simu ya ofisi ililia, ikalia tena. Mwaka mzima hakuna aliyepiga kuulizia mfalme yeyote. Sasa alipiga mwanamke wa Vurra, akaja wa Omugo, kisha Koboko, na Koboko tena. Kila mmoja alikuwa na mtu wake asiye na tarehe.

Simu ya tano mkurugenzi aliichukua mwenyewe, kuwafukuza. Alisema "Mama, sikiliza", kisha ikawa yeye ndiye anayesikiliza. Mwishowe akafunika simu kwa kiganja.

"Anasema wake ni watatu," akaniambia polepole. "Mume na wana wawili. Anauliza kama tunaweza kuwaweka siku moja."