Mwanaisha, Dada wa Baiskeli Aliyesubiri Taa

Bado siamini, jamani. Leo alfajiri nimefika darajani na staff van ya hoteli, nikawa namtafuta kwa macho kando ya barabara, shungi lake jeupe na ile baiskeli yake. Ndipo nikakumbuka kwamba jana tulimzika.

Mwanaisha wetu wa laundry ametutoka. Tumemzika kwao Tiwi baada ya swala ya adhuhuri.

Wengi mnaniuliza inbox kama amegongwa na gari. Hapana. Ni homa ya mapafu. Siku tano tu za hospitali, basi. Barabara haikumfanya kitu.

Lakini naelewa kwa nini mnauliza. Nani huku asiyemjua yule dada aliyekuwa akisimama na baiskeli kwenye taa nyekundu?

Kwa mlio mbali: daraja la huku kwetu lilipokuwa likitengenezwa, upande mmoja ulifungwa, magari yakawa yanapita kwa zamu. Waliweka taa za muda huku na ng'ambo. Nani alizijali? Bodaboda walipita, matatu zilipita, na mimi dereva wa wafanyakazi wa hoteli nilipita.

Da Mwanaisha alikuwa anashuka, anashika usukani, anangoja. Hata saa kumi na mbili asubuhi, barabara nyeupe, hakuna mtu.

"Dada, wewe una baiskeli tu, pita!" vijana wa boda walikuwa wakimwambia.

"Anayekuja kutoka ng'ambo hanioni," akiwajibu. "Yeye ameambiwa barabara ni yake."

Mimi nilikuwa namcheka. Nampigia honi, namwambia tutaonana kazini. Anafika baada yangu, jasho linamtiririka, ananisalimia kama sikumfanya kitu.

Sasa niwaambie jambo ambalo sijapata kulisema hadharani.

Ile siku magari yalipokwama katikati ya daraja, aliyesababisha ni mimi. Tulikuwa tumetoka shift ya mchana, nina watu tisa ndani, kila mtu ana haraka ya kufika nyumbani. Taa nyekundu. Nikampita Mwanaisha amesimama, nikaingia. Magari sita yakanifuata.

Katikati nikakutana na tuktuk. Ndani mna mwanamke mjamzito, uchungu umemshika, anapelekwa hospitali. Amemkamata mkwewe mkono, analia. Nyuma ya tuktuk kuna lori. Nyuma yangu kuna matatu. Hakuna wa kusogea. Dereva wa tuktuk alinitazama tu. Afadhali angenitukana.

Kwenye kioo cha pembeni nikamwona Mwanaisha. Ameilaza baiskeli chini, anaanzia gari la mwisho, anagonga madirisha moja moja. "Kaka, nakuomba, rudi nyuma. Kuna mgonjwa."

Hakumpigia mtu kelele. Dereva wa matatu alipobisha, alimwambia, "Njoo umtazame mwenyewe, halafu uniambie hurudi." Akarudi.

Karibu nusu saa ilipita mpaka tukatoka sote. Mtoto alizaliwa humo humo ndani ya tuktuk, kabla hawajafika hospitali. Mzima, alhamdulillahi, na mama yake mzima. Lakini hilo tulikuja kulijua siku ya pili mchana. Mpaka hapo mimi roho ilikuwa juu juu.

Asubuhi yake Mwanaisha alinikuta parking. Nilijua atanisema.

"Umelala, kaka Rashidi?"

"Sikulala."

"Basi nenda ofisini ukaseme mwenyewe kabla hawajakuita. Twende, nakusindikiza."

"Watanifukuza, dada. Nina watoto."

"Huenda wakakufukuza. Lakini twende."

Alikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya meneja muda wote, na shift yake imeshaanza. Nilipotoka, barua ya onyo mkononi lakini kazi ninayo, aliichukua akaisoma yote hadi chini, akanirudishia.

"Haya. Umekula?"

Tukaenda canteen, tukala mahamri na mbaazi. Nilikula huku machozi yananitoka, naye akajifanya hayaoni.

Tangu siku hiyo nikawa nasimama kwenye ile taa. Mwanzo kwa aibu, baadaye kwa mazoea. Yeye na baiskeli yake kando ya dirisha langu, tunapiga soga mpaka iwake kijani. Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa anamtunza mama yake peke yake. Na kwamba alikuwa na hamu ya kujifunza gari.

Nilimfundisha mimi, siku zetu za off, uwanjani. Wallahi, dereva mbaya alikuwa! Siku moja alisimamisha gari kumpisha mbuzi, mpaka mbuzi akalala.

"Mwanaisha, piga honi."

"Atashtuka."

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa wodini, ana oksijeni, maneno yanatoka mawili matatu. "Mama ana kliniki Jumatatu," akasema. "Magoti yake. Mpeleke wewe."

Nikamwambia utampeleka mwenyewe, utapona. Akatikisa kichwa. Akanishika kidole, akalala.

Da Mwanaisha, sikukushukuru kwa kukaa kwenye lile benchi. Kila siku nikisema kesho, nikidhani muda upo. Nakushukuru leo mbele ya watu wote hawa. Na nisamehe kwa kila honi niliyokupigia.

Jana baada ya mazishi nilimwendea Mama, nikampa mkono, nikamwambia Jumatatu nitakuja kumchukua. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Gari lako si liko juu, mwanangu? Nitapandaje?"

Nikamwambia nitambeba.

Mola akulaze pema, dada yangu. Lala salama.