Ami Bakhit, Ng'ombe wa Chikago

Nenda Mutrah, pale nje ya geti la bandari, uliza "Bakhit yuko wapi?" Watu watakutazama tu. Uliza "Ng'ombe wa Chikago yuko wapi?" Utapelekwa mpaka mlangoni mwa gari lake. Mtu mzima wa miaka hamsini na sita, ndevu kachana, dishdasha limepigwa pasi mpaka linakata, na jina lake Ng'ombe.

Alijitakia. Kazi yake kuwatembeza watalii wanaoshuka melini, na mwenyewe hajavuka Dubai. Mwaka mmoja akampeleka Qantab bibi mmoja wa Kimarekani, bibi akamhadithia Chikago njia nzima, kwenda na kurudi. Tangu hapo Bakhit akawa mwenyeji wa Chikago kuliko meya wake. Siku ya Idi, sebuleni kwa mama yake, akahadithia ule moto mkubwa wa zamani, unaosemwa uliwashwa na ng'ombe aliyepiga teke taa ya mafuta. Mdomo peke yake haukumtosha. Akainama, akatoa mlio, akarusha mguu. Teke likalipata birika la kahawa, kahawa yote kwenye dishdasha la mkwewe.

Fahd, mwanawe wa kumzaa, akarikodi. Kahawa haijakauka, ishakuwa stika kwenye grupu la ukoo: Bakhit mguu juu, macho yamemtoka. Kuna mtu aliituma mpaka kwenye rambirambi, kidole kiliteleza.

Basi mwaka huu Reem, binti wa kaka yake, kapata nafasi ya kusomea uhandisi. Wapi? Chikago. Visa tayari, tikiti tayari, bado kitu kimoja. Ukoo ule hasafiri mtu mpaka Bibi Mwanamize, mama yake Bakhit, amuweke mkono kichwani amsomee dua. Hata wa kwenda Salalah siku mbili anasomewa.

"Chikago si ule mji wa Bakhit?" Bibi akauliza.

"Ndio, Bibi."

"Ulioungua?"

"Zamani hiyo, Bibi."

"Simsomei mtu."

Reem akamtumia ami yake ile stika, bila neno. Kisha akaandika: "Ami, umeharibu wewe, utatengeneza wewe. Ndege Jumamosi."

Ijumaa, sinia la wali limeshaondoshwa, Bakhit akajongea kwa mama yake. Ubavuni alikaa Bi Muhsina, mdogo wake Bibi, anakula tende.

"Mama, Chikago watu wake hodari. Mji ulijaa tope, wakazinyanyua nyumba kwa jeki, kama hizi za magereji ya Wadi Kabir. Hoteli nzima ikapanda, na wageni wamo ndani."

"Wamo ndani?"

"Wamo ndani, raha mustarehe."

"Hawakuambiwa washuke?"

Bakhit akaona anazama, akashika kamba nyengine. "Na mto wao ulikuwa unapeleka uchafu kwenye ziwa wanalokunywa. Wakaugeuza. Sasa unakwenda kinyume."

Bibi akaweka kikombe chini. "Mto unarudi nyuma. Muhsina, hizo si dalili za Kiyama?"

"Wallah ndizo," akasema Bi Muhsina.

Reem akajifunika uso kwa mtandio. Simu ya Bakhit ikatetemeka mfukoni. Hakuitazama, stika ile anaijua. Kabakiwa na ng'ombe tu, na aliapa hatomtaja tena maishani.

"Mama, yule ng'ombe hakufanya."

"Hakufanya nini?"

"Moto. Kasingiziwa. Mwandishi wa gazeti alikuja kukiri kisa walikizua. Mwenye ng'ombe, mwanamke maskini, mgeni kwenye mji wa watu, kafa na lawama yake. Baada ya miaka mia na ishirini na sita, baraza la mji likakaa, likapitisha: mama huyu na ng'ombe wake hawana hatia."

Bibi akakisukuma kikombe pembeni. "Na ng'ombe keshakufa."

"Zamani."

"Na bado wamemsafisha."

"Wamemsafisha, Mama."

Bibi akageuka polepole kwa mdogo wake. Sebule nzima ikajua linalokuja. Ni ile sahani ya Kichina iliyovunjika Unguja, Mwanamize ana miaka tisa. Alichapwa yeye, na kila Idi anasema si yeye.

"Mie nna miaka sabiini na nne," Bibi akasema. "Sahani ile, miaka sitini na tano. Mji mzima umekaa kikao kwa ajili ya ng'ombe. Muhsina, wewe kikao chako lini?"

Bi Muhsina akaitazama kokwa ya tende mkononi. Akaigeuza huku, akaigeuza huku.

"Ilikuwa inateleza," akasema.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Bibi akajifuta jicho kwa ncha ya leso, akavuta pumzi ya miaka yote ile.

"Reem, njoo."

Akamuweka mkono kichwani, akamsomea mpaka mtoto shingo ikamuuma. "Mji unaomsafisha ng'ombe hautamuonea mjukuu wangu. Ila ukisikia wanainyanyua hoteli, wewe shuka."

Bakhit akaona hapa ndipo pa kupitishia lake. "Na mimi, Mama? Ng'ombe mwenyewe keshasafishwa. Jina langu je?"

"Wewe birika ulilipiga teke, Bakhit. Tumeona."

Haya, zamu yenu. Kwenu nani kabandikwa jina, na lilimgandaje? Na kama kuna mtu anabeba sahani ya mwenziwe mpaka leo, tuandikieni hapo chini. Bi Muhsina atasoma kila moja, Bibi kasema atamsimamia.