Fundi Mulamba na Sauti ya Pili ya Kwaya

RUMONGE, BURUNDI, 2004. Saa tatu asubuhi Darius Mulamba amepiga magoti kwenye sakafu ya kanisa, sikio lake likiwa karibu kugusa spika. Anasubiri. Anainuka, anakung'uta vumbi kwenye suruali, anakwenda kwenye spika ya pembe nyingine na kupiga magoti tena.

Kuna spika nne, moja katika kila pembe. Za mbele zinaimba: sauti ya kwanza kushoto, ya tatu kulia. Za nyuma ziko kimya.

"Mbele iko muzuri," anasema. "Nyuma hakuna kitu. Na ile tunatafuta iko nyuma."

Anachotafuta ni sauti ya pili, ile ya wanawake wenye sauti nzito kidogo. Kwaya hii haina tena waimbaji wa sauti hiyo. Walikuwa wanawake sita, na wote walivuka ziwa kukimbilia Tanzania wakati wa vita.

"Besi tunayo, wazee wawili wangali hapa," anasema mama Keren, kiongozi wa kwaya, mwenye umri wa miaka 52. "Shida ni ya pili. Wasichana wapya wanajaribu, lakini wanafuata ya kwanza. Watajua namna gani? Hawajaisikia hata siku moja."

Mulamba, mwenye miaka 43, ni fundi wa redio sokoni Rumonge. Alizaliwa Baraka, upande wa Kongo, akavuka akiwa kijana. Kutengeneza redio moja anatoza faranga mia tano, na siku nzuri hupata redio nne. Vita havikumnyima kazi.

"Kila mutu anataka kujua kama barabara ya Bujumbura iko wazi," anasema. "Njaa anavumilia. Redio ikinyamaza, anakuja mbio."

Mwaka 1995 mgeni mmoja wa kanisa aliacha mashine ya kurekodi yenye njia nne. Mulamba alitega kipaza sauti mbele ya kila kundi, na kila sauti ikaingia kwenye njia yake. Mwaka jana, mashine ilipokuwa inakaribia kufa, aliipeleka Bujumbura, ambako kaseti ya kwaya ilihamishiwa kwenye CD, kila sauti peke yake. Tangu hapo anataka kuweka kila sauti katika pembe yake, ili kila kundi lisimame mbele ya mwalimu wake.

Kompyuta ya kanisa hutoa sauti kwa spika mbili tu. Kwa hiyo alinunua kadi ya sauti ya nje, kisanduku cha plastiki kinachoenea kiganjani, kinachochomekwa kwenye kompyuta na kugawa sauti kwa spika hadi sita. Assumani, mfanyabiashara aletaye bidhaa za Dubai kupitia Kigoma, alimuuzia kwa faranga elfu ishirini na saba. Maelezo ya kisanduku ni ya Kichina.

Anaanza na waya. Anachukua spika ya nyuma na kuichomeka mbele, inaimba. Basi spika ni nzima, na waya ni mzima. Anafungua mipangilio ya kompyuta na kukuta imeandikwa spika mbili. Anabadilisha kuwa sita, anazima, anawasha. Nyuma bado kimya.

"Labda ile sauti yenyewe imeharibika?" anauliza mama Keren.

"Hapana, mama. Sauti iko. Kwenye kompyuta naona mustari wake unaruka. Ni kutoka ndiyo inakataa."

Angeweza kuileta sauti hiyo kwenye spika ya mbele na kuisikiliza. Tangu mwaka jana amekuwa nayo, na hajafanya hivyo. Nikimuuliza sababu, anakaa kwenye benchi kabla ya kujibu.

Mmoja wa wale wanawake sita ni Providence, mke wake.

Mwaka 1997 mapigano yaliposhuka milimani, Mulamba aliwapandisha mtumbwini kwenye ufuko wa Minago, Providence na binti yao Bora, aliyekuwa na miaka minne. Yeye alibaki na mama yake mgonjwa asiyeweza kusafiri. "Nilimwambia, siku tatu," anasema. Siku tatu zimekuwa miaka saba. Mama yake alifariki mwaka jana. Providence yuko kambini mkoa wa Kigoma, na barua zake huja mara mbili kwa mwaka. Katika kila jibu Mulamba humwomba arudi. Katika kila barua yeye huuliza kama bado wanasikia risasi.

"Na bado tunazisikia," anasema. "Siwezi kumudanganya."

Anarudi kwenye kadi. Ina matundu matatu ya kutolea sauti: la mbele, la nyuma, na la spika ya katikati na besi. Anachomoa waya kwenye tundu lililoandikwa nyuma na kuuingiza kwenye la tatu, ambalo kwa maandishi halihusiki kabisa. Kiwandani walibandika majina kinyume.

Pembe ya nyuma kushoto inakohoa. Kisha mwanamke anazungumza, taratibu, karibu sana na kipaza sauti, kabla wimbo haujaanza.

"Darius, nisimame hapa ama nisogee?"

Mama Keren anashika mdomo. Kwenye kaseti ya zamani kelele za kwaya nzima zilikuwa zimemfunika Providence. Hakuna aliyewahi kulisikia swali hilo tena tangu siku lilipoulizwa. Wimbo unaanza, na sauti sita za wanawake wasiokuwepo zinajaza upande wa nyuma wa kanisa.

Wasichana watano waliokuwa wakingoja nje wanaingia mmoja mmoja na kusimama mbele ya ile spika. Kufikia adhuhuri wanaimba ubeti wa kwanza bila kuteleza. Mama Keren anamshika fundi mkono na kumshukuru kwa Kirundi, "Murakoze cane, papa Bora."

Alasiri anakunja waya wake na kunieleza mpango ambao bado hajamwambia mtu. Kwanza atarekodi kwaya na sauti zake zote nne. Kisha ataomba karatasi ya kusafiria kwenye ofisi ya serikali ya komini, apande boti ya Kigoma, kaseti hiyo mfukoni na kisanduku cha vifaa begani.

"Barua zote hizi nilikuwa namwambia arudi," anasema. "Sijamuuliza hata mara moja kama kule iko fasi ya fundi wa redio."